Pampu ya boksi la bafu kwenye boti inawaka yenyewe usiku. Nimebadilisha mbili, bado

#1 KasaMtoro
Wakuu, heshima zenu.

Naangalia boti ya mtu hapa Msasani, yoti ya injini futi 44, dizeli mbili, bafu mbili. Bosi huja na familia mwisho wa wiki, siku za katikati tupo mimi na mlinzi tu. Imefungwa gatini, umeme wa nchi kavu upo.

Kwa wasioijua kazi hii: sakafu ya bafu iko chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya kuoga hayawezi kutoka yenyewe. Yanashuka kwenye boksi la plastiki lililofichwa chini ya ubao wa sakafu. Ndani yake kuna chujio, floti na pampu ndogo ya volti 12. Maji yakipanda floti inanyanyuka, pampu inawaka, maji yanatupwa nje kwenye tundu la ubavuni.

Shida zangu ni mbili na sijui kama ni moja. Mtu akioga bafu la mbele, maji yanamfika vifundoni. Pampu inasikika inalia, lakini ukichungulia nje maji yanatoka kama mtoto anakojoa. Halafu usiku, hakuna mtu anayeoga, pampu inawaka yenyewe. Sekunde nne tano, inazima. Dakika ishirini hivi, tena. Mpaka alfajiri.

Pampu hii ni ya tatu tangu Januari, ina wiki tatu. Bosi ameanza kuniangalia kwa jicho lile. Ijumaa ya wiki ijayo anakuja na wakwe zake. Nawasilisha.

#2 ChapaNdala
Iache, inaota.

#3 FundiWaya
Usinunue ya nne. Chukua mita, pima volti kwenye waya za pampu yenyewe, siyo kwenye betri. Lete namba hapa.

#4 BiTezi
Kaka Kasa, mimi nipo Kilifi, nimekaa na boti za wageni miaka tisa. Kabla ya mita, fungua kifuniko utoe chujio. Nywele. Wageni wanaoga bahari wanarudi na mchanga, mafuta ya jua na nywele ndefu, vyote vinaishia mule. Nilishawahi kuvuta fundo la nywele kwenye impela, ile feni ya pampu inayosukuma maji, nikadhani ni panya.

#5 KasaMtoro
@BiTezi chujio nalisafisha kila Jumatatu, dada. Kweli linatoa utando mweupe mzito, kama samli iliyoganda. Nywele chache.
@FundiWaya betri 12.6, kwenye waya za pampu 12.5. Umeme uko sawa.

#6 FundiWaya
Ulipima pampu ikiwa imezima au inafanya kazi?

#7 KasaMtoro
Imezima. Nilichomoa waya nikapima.

#8 FundiWaya
Basi hujapima kitu. Waya mbovu bila mzigo unakuonyesha volti zote, hata ukiwa umebaki uzi mmoja. Ni kama bomba lililoziba: ukifunga koki presha ipo, ukifungua yanatoka matone. Nyanyua floti kwa mkono, pampu izunguke na maji ndani, ndiyo upime.

#9 PwaniKavu
Mimi nipo Dodoma sina boti wala bahari ila nafuatilia. Hiyo pampu ya ngama si huwa inatakiwa iwake yenyewe? Ndiyo kazi yake.

#10 MzeeWaOmo
Kijana wa Dodoma, hapo umechanganya. Ngama ni tumbo la chombo, pale chini kabisa maji yanapotuama, na maji ya ngama hufuliwa, yaani huchotwa na kumwagwa nje. Sisi tulifua kwa upo, kile chombo cha kuchotea, na mkono, leo mna pampu. Hili analoeleza huyu bwana ni boksi la maji ya kuoga. Pampu mbili mbalimbali, na boksi likifurika maji yake ndiyo yanakwenda ngamani.

Sasa wewe Kasa. Onja.

#11 KasaMtoro
Nionje nini mzee?

#12 MzeeWaOmo
Maji ya boksi ya usiku. Ya chumvi, bahari inaingia. Ya baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanatoka tangini mwako. Hatukuwa na mita na tulifika Bombay.

#13 ChapaNdala
Mzee ameamrisha mtu anywe maji waliyooga wakwe 😂😂

#14 BiTezi
Wakwe hawajafika bado. Muda wa kuonja ni sasa.

Ila rudi kwenye huo utando. Tanki mnajaza maji ya wapi? Maji magumu yakikutana na sabuni hayatoi povu, yanatoa ule ukoko mweupe. Haunasi kwenye chujio tu, unaganda ndani ya mpira wa kutolea. Kwangu nilikata kipande cha mpira, tundu la inchi nzima limebaki kidole cha mwisho hakipiti. Pampu nzima kabisa, mpira umekufa. Badilisha mpira, na uweke wenye ndani laini. Ile ya mikunjomikunjo kama koo la jogoo inashika uchafu na inapunguza mwendo wa maji.

#15 Impela
Naongezea kwa BiTezi. Pampu yako imeandikwa ngapi?

#16 KasaMtoro
Galoni 800 kwa saa.

#17 NgalawaMoja
800 mara 4.5 ni lita 3,600 kwa saa, yaani lita 60 kwa dakika. Hiyo inamwaga bafu zima kwa kupepesa jicho. Kwa hiyo tatizo siyo pampu, ni floti inachelewa.

#18 Impela
Galoni ya 4.5 ni ya Mwingereza. Pampu hizi nyingi zinaandikwa kwa galoni ya Marekani, lita 3.8 kasoro kidogo. 800 ni kama lita 3,000. Na hizo 3,000 ni za kwenye karatasi: pampu haipandishi maji, haina mpira mrefu, haina kona. Ukiipandisha mita moja na nusu ukampa na kona tatu, toa nyingi. Ukimpa na volti pungufu, usiulize.

Jambo la pili, hiyo ni pampu ya impela, inasukuma, hainyonyi. Ikishika hewa inalia tu bila kutoa. Mpira wako unapanda moja kwa moja, au umelala katikati?

#19 KasaMtoro
Unatoka boksini, unapita chini ya kitanda, pale katikati umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, halafu unapanda kwenda ubavuni. Jumla mita nne.

#20 Impela
Hapo kwenye tumbo la kamba ndipo matope ya sabuni yanalala, na ndipo hewa inapokwama nyuma ya maji. Kaza, upande tangu mwanzo hadi mwisho.

#21 NgalawaMoja
Ya usiku ni rahisi. Pampu ikizima, maji yaliyobaki kwenye mpira yanarudi boksini, floti inanyanyuka, pampu inawaka. Mchezo usioisha. Weka vali ya njia moja, umemaliza.

#22 BiTezi
Mpira wa mita nne una maji kiasi gani mpaka yanyanyue floti? Robo lita?

#23 NgalawaMoja
Wa milimita 19 mita nne unabeba lita moja na kitu. Nimepiga hesabu safari hii kabla ya kuandika 😅

#24 Impela
Hesabu sawa, ila kinachorudi ni kipande kinachopanda kutoka boksini tu, kilichopita kilele kinaenda nje. Na maji yakirudi yanarudi papo hapo, sekunde mbili tatu. Ingewaka-zima-waka-zima bila kupumzika. Huyu anasema dakika ishirini. Kuna maji mapya yanaingia.

Vali ya njia moja kwenye maji ya sabuni na nywele mimi sitaki hata kuiona. Unywele mmoja unaishikilia wazi, hapo haina faida. Ikishikwa imefungwa, pampu inasukuma ukuta.

#25 NgalawaMoja
Ninayo kwenye boti yangu mwaka wa tatu, haijawahi kukwama.

#26 Impela
Boti yako ina bafu?

#27 NgalawaMoja
Ina ndoo.

#28 Mskati75
Salaam kutoka Muscat. Ndugu yangu Kasa, hiyo yoti ina AC? Hapa kwetu mwezi wa nane AC inatoa maji mpaka unadhani kuna bomba limepasuka. Mafundi wengi huuelekeza mpira wa matone ya AC kwenye boksi la bafu kwa sababu ndilo lililo karibu. Lita moja kila dakika ishirini inaingia akilini kabisa kwa joto la pwani. Pampu yako inafanya kazi yake.

#29 KasaMtoro
AC ipo, na kweli kuna kimpira chembamba kinaingia boksini, nilikuwa sijui cha nini. Lakini usiku AC haiwashwi, ni amri ya bosi. Nimemuuliza mlinzi, ameapa kwa mama yake mzazi kwamba hajawahi kuigusa.

#30 ChapaNdala
Mlinzi, Dar, mwezi wa tatu, peke yake, chumba chenye AC, umeme wa bosi. Ameapa 😂

#31 KasaMtoro
MREJESHO. Nimepima kama alivyosema FundiWaya, pampu ikiwa inasukuma maji: 10.4. Betri ile ile 12.6.

#32 FundiWaya
Asante. Umepoteza volti 2.2 njiani, zaidi ya asilimia 17. Mimi kwa pampu zaidi ya asilimia 3 nafungua mbao. Sasa usibadilishe waya wote, tafuta wapi. Ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya pampu, pampu inazunguka. Andika. Halafu hasi kwa hasi. Upande wenye namba kubwa ndio mwizi.

#33 KasaMtoro
Chanya 0.3. Hasi 1.9.

#34 FundiWaya
Hasi. Fuata waya mweusi au wa njano mpaka ukutane na kiungo.

#35 KasaMtoro
Nimekipata jamani. Chini ya ngazi ya kushukia chumbani, waya mbili zimesokotwa kwa mkono na kufungwa tepu nyeusi ya Kariakoo. Tepu imelainika kama maandazi ndani ya chai. Nilipoibandua ilimwagika unga wa kijani kiganjani, na shaba ndani nyeusi, nikiikunja inakatika. Pembeni yake nimekuta na jingine la aibu: mahali pa fyuzi mtu ameviringisha karatasi ya sigara, ile ya fedha.

#36 FundiWaya
Hiyo karatasi itoe LEO, kabla hujajibu hapa. Impela ikinaswa, injini ya pampu haizunguki lakini umeme unaendelea kuivuta, na amperi zinapanda. Fyuzi sahihi inakatika, unatukana, unabadilisha. Karatasi ya sigara haikatiki kwa wakati, kinachoungua ni waya chini ya kitanda cha mtu. Kipimo cha fyuzi kimeandikwa kwenye pampu au karatasi yake, usikisie.

Na huenda ndicho kilichoua pampu zako mbili. Volti ndogo, uchafu, hakuna fyuzi.

#37 BiTezi
Au ukoko. Pampu ikisukuma kwenye mpira uliosinyaa siku nzima nayo inachoka.

#38 MzeeWaOmo
Na hakuna aliyeonja bado.

#39 KasaMtoro
MREJESHO WA PILI. Nimekata waya hadi kwenye shaba nyekundu, nimeweka kiungo cha kubana chenye ganda la kupasha moto, waya iliyopakwa bati. Fyuzi ya kweli. Mpira nimeukaza hauna tumbo. Sasa nasoma 12.1 pampu ikifanya kazi, na nje maji yanaruka mpaka yamemlowesha mvuvi aliyekuwa anapita na mtumbwi. Nimemuomba radhi.

Bafu linakauka. FundiWaya, BiTezi, Impela, asanteni.

Usiku: saa tatu na dakika kumi, saa tatu na nusu, saa nne kasoro kumi. Kama kawaida.

#40 FundiWaya
La kwanza limekwisha. La usiku siyo langu, labda floti. Zile mashua za wavuvi zikitoka usiku zinatikisa gati, maji yaliyobaki chini ya boksi yanacheza, floti inarukaruka. Tazama kama inawaka mashua zikipita.

#41 KasaMtoro
Nimekaa hadi saa saba. Inawaka zikipita na zisipopita. Na mzee, nimeonja. Ncha ya ulimi. Yana chumvi.

#42 MzeeWaOmo
Bahari. Tundu lako la ubavuni liko juu ya maji kiasi gani?

#43 KasaMtoro
Kiganja kimoja. Bosi amejaza dizeli tanki zote, imekaa chini kuliko kawaida.

#44 MzeeWaOmo
Kwisha. Kiwimbi kikipiga kinaingia, kinarudi kwa mpira hadi boksini. Mpira unatakiwa upande juu, upinde kama shingo ya korongo, ndipo ushuke tunduni. Wako umeukaza sasa unapanda moja kwa moja mpaka tundu, hauna shingo. Siku chombo kikiinama upande huo tundu likazama, bahari itajivuta yenyewe kuingia.

#45 Impela
Kwa hili nakubaliana na mzee, nami ndiye niliyesema kaza, sikutaja kilele. Pandisha pinde juu kabisa ya usawa wa maji, na kileleni weka kipumulio cha hewa ili maji yasijivute.

#46 BiTezi
Subirini kwanza. Kaka Kasa, niliuliza tangu post ya 14 hukunijibu. Tanki mnajaza maji ya wapi?

#47 KasaMtoro
Kisima cha hapa gatini.

#48 BiTezi
Kisima cha Msasani, hatua mia kutoka baharini. Sasa kaonje ya bombani kwenye sinki.

#49 KasaMtoro
...
Yana chumvi.

#50 PwaniKavu
Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

#51 MzeeWaOmo
Zamani visima havikuwa na chumvi.

#52 Mskati75
Basi kuonja kumeshindwa, tia rangi. Tanki lako likiwa na rangi na maji ya boksi usiku yakawa na rangi, kuna koki inavuja. Yakiwa meupe, ni bahari au AC.

#53 ChapaNdala
Rangi ya ubuyu! Ile ya unga. Kijiko kimoja kinageuza ndoo nzima kuwa Zanzibar.

#54 KasaMtoro
Nimepunguza tanki mpaka limebaki kama lita 80, nimetia pakiti mbili za rangi ya ubuyu, nimefungua bomba zote mpaka yakatoka mekundu, halafu nimekausha boksi kwa tambara. Bafu nimelifunga kwa kufuli. Mlinzi nimemwambia asiguse maji ya boti, atumie ya gatini. Kesho alfajiri nakuja kutazama.

#55 KasaMtoro
Alfajiri. Boksi lina maji ya waridi.

#56 NgalawaMoja
Koki inavuja. Uzi ufungwe.

#57 KasaMtoro
Ngoja nimalize. Nimetoka nje kupiga picha ya tundu, nakuta kwenye reli ya nyuma kumeanikwa fulana ya mlinzi. Jana ilikuwa nyeupe. Leo ni ya waridi, kwapani imekoza zaidi. Sinki la chumba cha mbele, nje ya bafu, nalo linamwaga boksi lile lile. Sikulifikiria. Nimemuuliza, akasema ameinunua hivyo.

#58 ChapaNdala
Mzee anafua ngama, mlinzi anafua fulana. Kila mtu na ufuaji wake 😂😂😂

#59 MzeeWaOmo
Hiyo nimeipenda, mtukutu wewe.

#60 BiTezi
Kufua fulana kunajaza boksi mara moja, hata mara mbili. Hakuna mtu anayefua fulana kila dakika ishirini mpaka asubuhi. Swali langu: rangi ya alfajiri ilikuwa nzito kama ya bombani, au imepauka? Ikiwa ile ile, koki inavuja. Ikiwa imepauka, kuna maji mengine meupe yalikuwa yanaiongezea usiku kucha.

#61 KasaMtoro
Imepauka kidogo. Lakini tochi yangu nayo ni ya njano.

#62 Mskati75
Na huyo mlinzi aliyenunua fulana ya waridi ndiye aliyeapa kuhusu AC? Nenda kashike kile kimpira chembamba saa nane usiku bila kumwambia.

#63 Impela
Na upandishe ile pinde hata kama ni AC. Tundu kiganja kimoja juu ya maji silali mimi.

#64 FundiWaya
Karatasi ya sigara umeitoa?

#65 KasaMtoro
Nimeitoa mkuu, ipo mfukoni kama ushahidi. Pinde niliipandisha jana mchana, kipumulio bado sijapata. Jana usiku sikuweza kuvizia, mlinzi aliomba ruhusa ya msiba, nikalala mwenyewe. Pampu iliwaka mara mbili tu usiku mzima.

#66 ChapaNdala
Msiba wa nani, wa yule mama aliyeapiwa?

#67 MzeeWaOmo
Mara mbili tu kwa sababu umepandisha pinde. Ni bahari.

#68 Mskati75
Mara mbili tu kwa sababu mlinzi hakuwepo.

#69 BiTezi
Na upepo jana ulikuwaje huko?

#70 KasaMtoro
Umetulia kabisa. Nitawajibu baadaye, wakwe wamefika. Tanki nimelisuuza mara mbili, lakini mama mkwe ametoka bafuni anauliza mbona mswaki wake umekuwa mwekundu.